Mjusi si Majusi

Barazani, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, mambo mawili hayakosi msemaji: siasa za kaunti na asili ya maneno. La kwanza lina wenyewe. La pili limekaa muda mrefu bila kujibiwa, na anayesingiziwa yuko darini kwetu sote, karibu na taa, akisubiri mbu na nondo.

Namzungumzia mjusi. Madai juu ya jina lake, na ya jamaa zake kama kenge, ni mengi, na kila msemaji hulitoa lake kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Nitayajibu yale yanayorudiwa mno. Mengine yanataka maelezo. Mengine pumzi moja yatosha.

Dai kubwa kuliko yote ni kwamba mjusi limetokana na Majusi, yaani waabudu moto wa Uajemi wa kale. Hoja yenyewe imesukwa vizuri. Mjusi alipuliza moto wa Nabii Ibrahim. Majusi wanaabudu moto. Washirazi walitoka Uajemi wakafika pwani yetu. Basi walipomwona kiumbe huyu ukutani wakamwita kwa jina la makafiri wa kwao. Ukitaka ushahidi, utaambiwa uende kijiji cha Shirazi, pale karibu na Bodo, ukawaulize wazee.

Ni hoja tamu. Shida yake ni kwamba kila kipande kinasimama kivyake, hakuna kinachoshika kingine.

Tuanze na sarufi. Mmoja ni mjusi, wengi ni mijusi, sawa na mkizi na mikizi, mkunga na mikunga, viumbe ambao mvuvi yeyote wa Gazi anawajua, ingawa wote hao tunawasemea kama wanyama wengine: mijusi hawa wanakimbia. Majusi nalo limo katika Kiswahili tangu zamani, na lilipoingia halikupoteza silabi yake ya kwanza. Msomaji wa Kurani hukutana nalo katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 17. Mkristo hulikuta katika Injili ya Mathayo, sura ya 2, ambako wageni wa mashariki wanaitwa mamajusi. Angalia hapo: ma- ya wingi imewekwa juu ya ma- ya asili, kwa kuwa sikio la Mswahili haliihesabu ile ya kwanza kuwa kiambishi. Neno liko zima, na lina maana yake.

Mtetezi mjanja atanikumbusha msikiti. Kwa Kiarabu ni masjid. Ile ma- ya mwanzo ikamezwa ikabaki m-, na wingi ukawa misikiti. Kwa hiyo Majusi kugeuka mjusi si muujiza. Nakubali, sauti haikatai. Lakini sauti kutokataa si ushahidi, na hapo ndipo wenye dai hunyamaza. Neno la kukopa huja na maana yake. Msikiti ni mahali pa kusujudia huko lilikotoka na hapa lilikofika. Bandari, dirisha, nanga na serikali ni maneno ya Kiajemi, na kila moja lilikuwa na maana hiyohiyo au ya jirani yake kabla halijapanda chombo. Majusi halijawahi kuwa jina la mnyama. Mwajemi akimwona mjusi humwita marmulak. Mwarabu ana wazagh, ana sam abras. Sasa ni nani aliyemkopesha Mswahili mjusi kwa jina la Majusi, ikiwa mwenye neno mwenyewe halitumii hivyo?

Kuhusu Washirazi, sina nia ya kumvunjia mzee yeyote heshima. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulipima mabaki ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Mtwapa ikiwemo, na ukaonyesha kwamba damu ya Kiajemi iliingia kweli, hasa kwa upande wa baba, na kwamba kwa upande wa mama asili ilikuwa zaidi ya Kiafrika. Wenye dai huuchukua utafiti huu kuwa ushindi wao. Mimi nauona ni wangu. Baba alikuja na nasaba na biashara; majina ya wanyama mtoto aliyasikia kwa mama. Hesabu mwenyewe: nyoka, chatu, kenge, mamba, kinyonga. Hakuna aliyebeba jina la Kiajemi. Nyoka peke yake utamkuta, kwa umbo hilohilo au la jirani, kuanzia Kongo hadi kwa Wazulu.

Liko na dai dogo, la wapenda lugha: eti mjusi ni mjuzi, kwa vile anakaa darini akasikia siri za nyumba. Mjuzi anatokana na kujua, wingi wake ni wajuzi, na z yake haijawahi kuwa s. Twende mbele.

Sasa ukafiri. Mjusi mdogo wa nyumbani, yule aliyepauka kama asiyepigwa na jua, pwani nzima anaitwa mjusi kafiri. Sababu inayotolewa ni kwamba Mtume ndiye aliyemwita hivyo, kwa kuwa alipuliza moto ili umwunguze Nabii Ibrahim. Hapa itabidi niende polepole, kwa sababu nusu ya dai ni kweli.

Kweli ni hii. Katika Sahihi ya Bukhari iko hadithi ya Ummu Sharik, kwamba Mtume aliamrisha wazagh auawe, na kwamba mnyama huyo alikuwa akimpulizia Ibrahim moto. Katika Sahihi ya Muslim yametajwa malipo ya anayemuua kwa pigo la kwanza, kuwa ni makubwa kuliko ya pigo la pili. Simtolei mtu fatwa, wala sibishani na amri. Mipaka yake ina wenye elimu yake.

Ninalojibu ni la jina. Katika mapokezi ya Muslim, neno alilopewa mjusi ni fuwaisiq, yaani fasiki mdogo. Mtoto wa madrasa anajua kuwa fasiki na kafiri si kitu kimoja. Fasiki ni mwovu, lakini anaweza kuwa ndani ya dini. Kafiri yuko nje. Nayo Kurani, inaposimulia moto wa Ibrahim katika Sura ya Al-Anbiyaa, inaeleza jinsi moto ulivyoamrishwa uwe baridi na salama, na katika aya zile hamna mjusi. Aliyemtoa mjusi katika Uislamu ni sisi wenyewe. Nionavyo mimi, kisa kilisikika msikitini, kikatoka nje, na huko nje fasiki likawa neno la wasomi wakati kafiri lilikuwa tayari kwenye kila mdomo.

Tena si sisi peke yetu tuliomwonea. Mmoja wa mijusi hawa wa nyumbani, mwenye asili ya Afrika, anajulikana kwa wanasayansi kama Hemidactylus mabouia. Jina hilo alipewa mwaka 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès, aliyemkuta katika visiwa vya Karibi. Mnyama alishatangulia huko, na wengi wanaamini alisafiri katika merikebu za watumwa. Mabouia ni neno la wenyeji wa visiwa vile, na maana yake ni pepo mbaya. Basi mjusi wetu ni kafiri huku na shetani ng'ambo, na pande zote mbili anakula mende. Aliyemsemea vizuri ni mwandishi wa Mithali, sura ya 30, aliyemweka miongoni mwa viumbe wadogo wenye akili, anayeingia hata majumba ya wafalme.

Kutoka ukafiri watu huruka moja kwa moja hadi sumu. Mjusi akidondoka kwenye mchuzi, nyumba nzima imekwisha. Kinyesi chake kikikugusa, utaota mbalanga au utapata ukoma. Basi kitazame kinyesi chenyewe, kile unachokipangusa juu ya kabati kila asubuhi. Ni punje nyeusi, nyembamba, na kwenye ncha moja pana kidoa cheupe. Cheupe hicho ndicho kinachotisha, kwa kuwa kinafanana na baka la ngozi. Ni mkojo tu. Mjusi hana anasa ya kumwaga maji; mkojo wake huganda ukawa unga mweupe na hutoka pamoja na kinyesi, sawa na ule weupe unaouona kwenye mavi ya kuku.

Na hapa Waarabu wanahusika kweli, ila si kwa njia ya Majusi. Ndani ya sam abras, na ndani ya jina la mitaani la abu brais, mna neno baras, yaani mabaka meupe ya ngozi. Ngozi ya mjusi ina madoadoa, ikampa jina. Kisha jina likaonekana kama onyo la ugonjwa. Imani yetu ya mbalanga imefuata nyayo zilezile, na katika pwani iliyopokea majahazi ya Arabuni kwa karne nyingi sioni ajabu.

Watu wa Msambweni wangekuwa wa mwisho kudanganyika juu ya ukoma, maana Tumbe ndiko walikokuwa wakikaa wagonjwa wake. Ukoma huletwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1873 na Hansen, daktari wa Norwei. Mbalanga ni kinga ya mwili kugeuka na kuua chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mjusi hayumo katika lolote kati ya hayo mawili, na mijusi wa kuta zetu hawana sumu. Walichonacho, kama wanyama wengi wa jamii yao, ni vijidudu vya salmonela, ambavyo vinaweza kumwendesha mtu tumbo vibaya. Kwa hiyo mchuzi ulioangukiwa na mjusi umwage, na kesho funika sufuria. Ila usiwatangazie majirani kuwa mmenusurika kufa.

Mkia uliokatika ukawa unarukaruka sakafuni haukulaani. Mjusi ameuacha makusudi ili paka ahangaike nao huku yeye akipanda ukuta. Utaota mwingine, wenye gegedu badala ya mfupa.

Sasa tumfikie mkubwa wa ukoo. Kenge, tunaambiwa, ni mtoto wa mamba. Dai hili utalisikia hata kwa walinzi wa mahoteli ya Diani, watu wanaomwona kenge kila uchao akikata bustani kuelekea jaani. Methali nayo imelitia nguvu: katika msafara wa mamba na kenge wamo. Methali ina kazi yake na siigusi, ila anayeifanya somo la uzazi amepotea. Kenge wa mtoni hufukua mayai ya mamba akayala, mama akigeuza shingo tu. Kama yumo msafarani, basi yumo kwa njaa yake. Mtazame ulimi: mrefu, umepasuka ncha mbili, unatoka na kuingia kunusa hewa. Huo ni ulimi wa jamaa wa nyoka. Mamba hana ulimi wa namna hiyo, na kwa nasaba yuko karibu na ndege kuliko alivyo karibu na kenge.

Uzazi wa kenge wenyewe unashangaza kuliko uzushi. Jike husubiri mvua, udongo wa kichuguu ukalainika, akautoboa, akataga ndani na kwenda zake. Mchwa hawajui habari. Wanaona tundu, wanaziba. Joto na unyevu wanaoutunza kwa ajili yao ndio unaoyalea mayai ya mgeni.

Halafu sikio. Mtoto mkaidi akiambiwa ana sikio la kenge, maana yake hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Ukibahatika kumsogelea kenge anayeota jua, angalia nyuma ya jicho: pana tundu la sikio, wazi, halina ndewe, kubwa kiasi cha kuonekana bila shida. Anasikia, na ndiyo maana mara nyingi unachobahatika kukiona ni mkia ukiishia kichakani.

Kwa jina lake sina ugomvi na mtu, ila nataka kuonyesha jinsi udugu wa maneno unavyodaiwa. Kiswahili kina kenge, na kamusi zina mburukenge pia. Kizulu na Kixhosa vina imbulu. Sauti zinakaribiana, mnyama ni huyohuyo, na lugha zenyewe ni za ukoo mmoja. Mambo matatu yamekutana. Kwa Majusi lilikuwepo moja.

Na asidhani mtu kuwa kosa la kufuata sauti ni la watu wa barazani peke yao. Mwarabu humwita kenge waral. Neno hilo lilipofika Ulaya likawa waran, na mwaka 1820 Merrem, Mjerumani, akaligeuza Varanus likawa jina la kisayansi. Lakini masikioni mwa Wajerumani waran lilisikika kama warnen, kuonya, wakamwita mjusi wa kuonya. Wengine wakalitafsiri hilo kwa Kilatini, na hivyo ndivyo Waingereza walivyopata monitor. Kisha zikatungwa hadithi za kueleza jina: eti kenge huwaonya watu kwamba mamba yuko karibu. Wasomi wenye maktaba walifanya lilelile, na kosa lao likapigwa chapa kwenye vitabu. Angalau letu huishia pale kahawa inapokwisha.

Liko dai jingine linalovuka mpaka pale Lunga Lunga, la mjusi wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko Lindi mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Kazi ya kuchimba ilifanywa na wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa hadi bandarini; jumla ilipita tani 200. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake kikipita mita 13. Tanzania nzima humwita mjusi, na wabunge wameulizia bungeni mara kadhaa arudishwe au walau nchi ipate sehemu ya mapato yake. Mpaka hapo hakuna tatizo. Watu wana haki ya kukiita kitu watakavyo. Dai linakuja pale mtu anaposema kuwa dinosaria ni mjusi kweli, aliyekua tu kupita kiasi, na kwamba Wazungu wenyewe wanakiri kwa jina.

Jina linakiri, ndiyo. Mwingereza Richard Owen alilitunga mwaka 1842 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kutisha na la mjusi. Lakini mifupa inasema vingine. Miguu ya dinosaria ilisimama wima chini ya mwili. Ya mjusi hutanuka pembeni. Tawi la mijusi na nyoka lilikwisha kwenda njia yake kabla dinosaria hawajatokea, na wazao wa dinosaria walio hai leo ni ndege. Kuku anayepekua nyuma ya nyumba yako Ukunda ana undugu wa karibu zaidi na yule wa Berlin kuliko mjusi aliye juu ya taa. Wabunge wakiendelea kumdai kwa jina la mjusi, kesi yao haipungui kitu. Mifupa ni ya Lindi kwa jina lolote.

La mwisho ni mamba. Waongoza watalii wa Diani hupenda kueleza kwamba Wazungu walichukua neno letu wakalipachika mahali pasipo pake, wakampa nyoka jina la mamba wa mtoni. Wageni hucheka. Lakini hawakulichukua kwetu. Kiingereza kilipata jina la nyoka huyo kutoka Kizulu, imamba, na kwa Wazulu imamba ni nyoka kweli. Mamba wa mtoni wao humwita ingwenya, ambalo sisi pia tunalo: kamusi zimehifadhi ngwena. Hakuna aliyekosea. Waliokosea ni wanaotaka kila neno liwe lilianzia Mombasa.

Ubishi huu una hatari yake hapa kwetu, kwa kuwa nyoka yule wa kijani, ambaye Kiingereza kinamwita mamba, yupo tele katika ukanda wa Diani na misitu ya Kinondo, juu ya miembe na mikorosho, na sumu yake inaua. Nimesikia ujumbe wa simu ukisema tu kuna mamba nyumbani, njooni. Aliyeupokea aliuliza mara mbili kama kuna mto karibu. Wengine wanakosea upande wa pili: kila kilicho kijani kwao ni mamba, na wanaopigwa fimbo mara nyingi ni ukukwi, ambao hawana madhara. Ukimwona, rudi nyuma, ondoa watoto, na usimpoteze machoni. Ukipiga simu, sema ni nyoka, taja rangi na urefu, taja mti aliopanda, na mwachie mshika nyoka ampe jina akishafika.